Mwanangu ananidanganya kuwa ameoga

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini, Ngamiani. Asubuhi nauza chai na vitumbua, jioni nakaanga mihogo na samaki. Baba watoto ni dereva wa lori, kwa mwezi tunamwona siku nne au tano. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 12, yuko darasa la sita. Anamfuata wa kike wa miaka 8, na kitinda mimba ana miaka 4.

Tatizo langu ni huyu mkubwa. Shangazi, mwanangu haogi, na si kwamba anakataa. Nikimwambia nenda kaoge anabeba ndoo na taulo, anaingia bafuni, nasikia maji chwaa, chwaa, anatoka taulo limelowa. Mwanzoni niliamini. Baadaye nikajiuliza, mbona kipande cha sabuni hakipungui? Siku moja akitoka tu nikaingia nikakishika, kikavu kama kimetoka dukani. Kumbe maji anayamwaga sakafuni, miguu anailowesha, taulo analichovya, basi. Siku hizi nasimama nje nasikiliza, na akitoka nakagua sabuni.

Na harufu anayo, sitaficha. Kwapa na miguu. Akivua viatu vya shule dada yake anatoka chumbani. Huko shuleni wenzake wamempa jina, wanamwita Beberu. Hili nimeambiwa na dada yake, yeye mwenyewe hajanitamkia. Mwezi uliopita mwalimu wake akanitumia ujumbe kwenye simu kuwa nimwangalie kijana usafi, wenzake hawataki kukaa naye dawati moja. Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze. Mimi nauza chakula, Shangazi. Mteja akisikia mwanangu ananuka, atakula kitumbua changu?

Jioni ile ile nilimshika uani mbele ya wapangaji, nikamvua shati, nikamsugua kwa dodoki na sabuni ya mche huku nasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kuna wapangaji walicheka. Yeye hakulia, alinitazama tu. Tangu siku hiyo haniongeleshi ila shikamoo na naam. Akitoka shule anapitiliza baharini kuogelea na wenzake, anarudi jioni kakauka chumvi mwili mzima, nikimwambia kaoge anasema ameshaoga baharini.

Kinachoniumiza ni kwamba hakuwa hivi. Mpaka mwaka jana tulikuwa Pangani kwa mama mkwe wangu, na kule alikuwa anaoga bila kuambiwa, anaimba humo bafuni mpaka bibi yake anamgongea mlango. Tulihamia hapa Januari kwa ajili ya biashara. Tumepanga nyumba ya vyumba sita, familia nne, choo na bafu viko uani, bafuni tumetundika gunia, tunatumia wote. Maji ya bomba yapo, kwa hiyo si kwamba maji hakuna.

Baba yake anasema nimwache, siku akipata mchumba ataoga mara tatu. Jirani yangu anasema nimchape, samaki mkunje angali mbichi. Mimi sijui nishike lipi. Nifanye nini, na hawa wadogo niwaanze vipi ili nisije nikayarudia haya?

Mama wa watatu, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona mtoto anayekwepa sabuni. Mara ya pili macho yangu yaliganda kwenye lile gunia. Umelitaja kwa maneno mawili ukaendelea na habari ya bomba, lakini mimi hapo ndipo nataka tukae. Pangani palikuwa na mlango, tena bibi yake alikuwa akiugonga. Kijana alikuwa anaoga na kuimba. Ngamiani pana gunia, familia nne zinapita uani kufua na kuchota maji, na upepo wa kusi ukivuma gunia ndilo linaloamua lifunike lini na lifunue lini. Kijana ameacha kuoga. Maji hayaogopi, angeyaogopa asingeshinda baharini. Ila baharini anaogelea na kaptula yake, hakuna anayemtaka aivue.

Jirani yako anasema samaki akunjwe angali mbichi. Samaki wako alishakunjwa kule Pangani, na alikunjika vizuri. Kilichobadilika ni nyumba, na mwili wake.

Huenda nimekosea, maana mtoto ni wako na mimi nimeshika barua tu. Kwa hiyo mwulize yeye. Usimwite umkalishe mbele yako kama yuko kwenye baraza la wazee. Mpe kisu mmenye mihogo pamoja, wadogo zake wakiwa wamelala, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye sinia. Kisha sema taratibu, "Hivi hili bafu letu wewe unalionaje?" Unyamaze. Usimjazie jibu. Akisema lolote au asiposema, ongeza swali la pili, "Kuna mtu amewahi kukuchungulia humo, au kukucheka, au kukugusa?" Swali hili huulizwa hata kama moyo wako unakataa kabisa kwamba linaweza kuwa na jibu baya. Mtoto aliyekuwa anaoga vizuri akaacha ghafla, mzazi anapaswa kujua kwamba hakuna aliyemfanyia kitu.

Akikuambia ndiyo, usipige kelele, usimwulize mbona hukusema. Mwambie umemwamini na kosa si lake. Nenda naye kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozi pesa. Jambo la namna hiyo halimalizwi uani kwa mwenye nyumba na soda mbili.

Kama ni kuona haya tu, na moyo wangu unaniambia ni hivyo, basi dawa ya kwanza ni mlango. Sikuelezi kwa fumbo, nasema mlango wa mbao na bati wenye komeo kwa ndani. Ongea na kina mama wenzako wa nyumba hiyo, mgawane gharama, mmwambie mwenye nyumba, na mkiweza mkate kwenye kodi. Naamini watakuunga mkono, kwa sababu hata wao wanaoga nyuma ya gunia hilo hilo wakiwa wamelishika kwa mkono mmoja. Na binti yako ana miaka 8. Si muda mrefu naye atauhitaji mlango huo kuliko kaka yake. Kabla fundi hajaja, mpe kijana kikoi chake aoge nacho kiunoni kama wazee wetu walivyooga kisimani, na mpangie saa ambayo uani hapana watu. Au siku moja moja aoge chumbani kwenye beseni, nyinyi mkiwa nje.

Sasa siku ile ya dodoki. Mwanangu, sikusemi. Najua ulikuwa umebanwa na aibu ya ujumbe wa mwalimu na hofu ya biashara. Lakini angalia ulichofanya: mtoto anayeogopa kuonekana, ulimvua nguo mbele ya watu. Lazima umwombe msamaha, na msamaha wenyewe uwe mfupi. "Siku ile nilikukosea. Sikupaswa kukuvua mbele za watu. Sitarudia." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini na wewe umezidi", umeufuta wote. Asipojibu, usimlazimishe. Na kama yule mwenye kicheko bado anamtania, mfuate mzazi au mpangaji huyo faraghani umwombe aache. Mwalimu naye mjibu. Mwambie unalishughulikia, na umwombe kwa heshima jina la Beberu likomeshwe darasani. Mtoto anayeitwa beberu kila siku huishia kuamini kwamba harufu ndiyo yeye, na mtu akishaamini hivyo, kuoga kunamsaidia nini?

Kijana wako ana jambo la pili ambalo hakuna aliyemweleza. Wavulana huanza kubaleghe kati ya miaka 9 na 14, wasichana kati ya 8 na 13. Katika umri huo tezi za jasho za makwapani na kinenani, ambazo utotoni zilikuwa zimelala, zinaamka. Jasho lenyewe likitoka halina harufu ya maana. Harufu hutoka pale vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi vinapolila jasho hilo, navyo hupenda mahali penye joto na unyevu. Tanga yetu ina vyote viwili, hasa miezi ya kaskazi. Kwa hiyo maji makopo mawili yaliyomtosha akiwa na miaka 9 hayamtoshi tena, na anaweza kuwa hajui hata kidogo kuwa kanuni imebadilika. Yeye harufu yake haisikii, maana pua huzoea.

Zamani hili lilikuwa na mahali pake. Kijana wa pwani alipelekwa jandoni, na pamoja na kutahiriwa alikaa na watu wazima wakamfundisha mwili wake: namna ya kujisafisha, kwapa, kinena, na josho, yaani kuoga kwa kujitakasa. Binti alikuwa na somo wake, mama mtu mzima wa kumfunda. Leo wengi wanawapeleka wavulana hospitali wangali wadogo, na ni vizuri, kidonda kinapona salama. Lakini mafunzo yaliyokwenda na tohara hayafanywi hospitali, na nyumbani kila mtu anadhani mwingine ameyafanya. Mama anamwachia baba, baba yuko njiani na lori, ustadhi anadhani nyumbani wamesema. Kijana anabaki na Beberu.

Kwa hiyo baba yake aache mzaha wa mchumba. Kijana hamsubiri mchumba, anamsubiri baba. Hata kwa simu, dakika kumi, wawili peke yao: "Mimi nilipofika umri wako nilianza kunuka kwapa, nikashtuka, nikafundishwa hivi." Akishindwa, mjomba wake. Na kama mtoto anasoma chuo, yaani madrasa, ustadhi ana mlango mzuri wa kuingilia, kwa sababu katika mafundisho ya sunna kukata kucha, kunyoa kwapa na kinena, na kupunguza masharubu visipitishwe siku 40. Huko huko atafundishwa josho la janaba, maana ndoto za usiku zikianza atahitaji kuoga alfajiri, na bila mlango na bila elimu atajificha tena. Kijana akisikia kwamba mambo haya yana majina na yana utaratibu wake, anajua hayamhusu yeye peke yake.

Kuoga kwenyewe nitakuelekeza kama unavyoelekeza kukoroga unga wa vitumbua, maana watu husema "kaoge" kama kwamba neno hilo linajieleza. Nusu ndoo inatosha. Kwanza alowe mwili mzima. Halafu aweke ndoo kando, apake sabuni na asugue pale panapohitaji: makwapa, kinena na makalio, nyayo na katikati ya vidole, shingo na nyuma ya masikio. Hapo ndipo asuuze. Wengi hufanya kinyume, wanasabunika kifua na tumbo, mahali pasipo na neno, kisha wanamwaga maji. Ajikaushe vizuri, hasa vidole vya miguu na kinena, la sivyo fangasi watahamia. Taulo liwe lake peke yake, lianikwe juani. Mara moja jioni kila siku, na asubuhi kama usiku alitoka jasho. Akitoka kuogelea, chumvi nayo ioshwe. Bahari usimkataze. Ndiyo furaha aliyobaki nayo.

Shati la shule linachangia harufu kuliko mnavyodhani. Mtoto akiwa safi akavaa shati la jana, ndani ya saa moja harufu imerudi. Kama ana mawili, yabadilishane. Kama ni moja, ukifika usiku kwapa za shati zisuguliwe kwa sabuni na zisuuzwe, liachwe kwenye kamba. Afue mwenyewe, ana miaka 12. Soksi kila siku. Viatu vifunguliwe kamba, vitolewe kile kitambaa cha ndani, vipigwe jua. Akihitaji kitu cha kwapani, dawa ya kupaka ya dukani inafaa, hata shabu ya mawe iliyoloweshwa kidogo inasaidia. Limau usimpake. Najua wengi wetu tumekua nalo, lakini limau likibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, linaweza kuiunguza mpaka kuacha madoa meusi. Na marashi juu ya jasho huzaa harufu ya tatu.

Akioga kweli kweli wiki mbili tatu na harufu haikupungua, au ana upele unaomuwasha zaidi usiku, au mapunye kichwani, hapo sabuni haina kosa, mpeleke kituo cha afya. Upele ukiwa ndani ya nyumba hutibiwa nyumba nzima siku moja, si mtoto mmoja.

Umeniuliza kuhusu wadogo. Huyu wa miaka 4 ni rahisi kuliko wote kwa sababu bado anapenda maji na anakuigiza. Wewe ni mama lishe, mikono yako ndiyo chuo chake. Akuone ukinawa kwa sabuni kabla ya kugusa unga, na umtajie kwa nini. Tengeneza kibuyu chirizi karibu na mlango wa choo: dumu la lita 5, tundu dogo karibu na mdomo, kamba, kijiti cha kukanyaga kwa mguu, kipande cha sabuni kining'inie pembeni. Mtoto wa umri huo atanawa hata pasipo sababu ili akanyage kijiti. Asugue viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na kucha, akihesabu taratibu mpaka ishirini. Baada ya choo na kabla ya kula, nyakati hizo mbili usiziachie hata siku moja, kwani kuhara na minyoo hupita hapo. Mfundishe kuchamba mwenyewe, na wewe uhakiki bila kumzomea.

Meno yake yasafishwe na wewe, asubuhi na kabla ya kulala. Mkono wa mtoto hauwezi kupiga mswaki vizuri peke yake mpaka miaka 7 au 8. Dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere. Na weka hili akilini: akifika kama miaka 6, huchomoza gego kubwa nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, wanaliacha lioze, kumbe ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni. Kamchungulie binti yako leo, bila shaka anayo tayari.

Na binti huyo usimsubiri. Usingoje damu ya kwanza ndipo useme, maana akiiona pasipo kuambiwa atadhani anakufa. Mwanzie sasa kwa maneno madogo, yakue naye. Ajue kujiosha kutoka mbele kwenda nyuma, maji tu yanatosha, sabuni na marashi visiingie ndani ya uke kwani ndani hujisafisha penyewe. Ajue pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne mpaka sita, na kama ni vitambaa, vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani. Sisi wa pwani tuna tabia ya kuvificha chini ya godoro kwa haya, vinabaki na unyevu, binti anapata muwasho anaona aibu kusema. Tundika kanga mbele yake kwenye kamba ikikulazimu, lakini jua livifikie.

Rudi kwa kaka yake. Mlango ukishafungwa, mwonyeshe komeo, mpe sabuni yake mpya na dodoki lake. Mwambie sehemu hiyo ni yake kwa robo saa na hakuna atakayemgongea. Kisha ondoka uani, rudi jikoni kwako. Usisimame nje kusikiliza maji, na akitoka usiingie kuishika sabuni.